Pawabenki yangu inazima kamera katikati ya usiku huku bado ina taa tatu. Tatizo ni nini?

#1 Mawe ya Igombe (mleta uzi)

Habari zenu wadau wa picha.

Kwa wiki tatu sasa nakwenda kwenye mawe ya Igombe usiku kupiga taa za wavuvi wa dagaa. Kama hujawahi kuziona, giza likikolea ziwa linageuka mji: taa moja, tano, mia, mpaka hujui maji yanaishia wapi na anga inaanzia wapi. Nataka nipige usiku kucha, tangu taa ya kwanza inapowashwa mpaka mitumbwi inaporudi mwaloni alfajiri, kisha niziunganishe picha ziwe taimlapsi ya dakika moja na kitu.

Kamera ni Canon 1300D. Betri yake, LP-E10, ni ndogo, 860 mAh, na mimi kila picha naiacha wazi sekunde 8, kwa hiyo haifiki mbali. Nikanunua betri bandia, kile kiganda cha plastiki chenye umbo la betri kinachokaa mahali pa betri halisi, waya ukatokea kwenye kitobo cha pembeni, na mwisho wake ni USB inayochomekwa kwenye pawabenki. Pawabenki ni ya 20,000 mAh, ina taa nne.

Rimoti nimeitega ipige kila sekunde 15. Usiku wa kwanza nilianza saa 2:00, kamera ikazima picha ya 1,131. Usiku wa pili nilianza saa 2:30, ikazima picha ya 1,020. Mara zote mbili nimejifunika shuka pembeni, nashtuka saa tisa nakuta kioo cheusi. Pawabenki inaonyesha taa tatu. Nabonyeza kitufe chake, kamera inafufuka papo hapo.

20,000 gawanya kwa 860 ni mara 23. Betri 23 zinaishaje kabla ya saa saba usiku? Au haijaisha, kuna kinachoizima? Usiku wenyewe wa giza ni wachache kwa mwezi, sitaki kupoteza wa tatu.

#2 Nyakato Sokoni

Umeuziwa feki, mkuu. Hizi pawabenki za vibarazani wanaandika namba yoyote wanayotaka. Nimeona hadi iliyoandikwa 50,000 nyepesi kama kiberiti. Hakuna haja ya uzi mrefu.

#3 Hesabu Kwanza

Mleta uzi, hesabu yako ina kosa kabla hatujafika kwenye ufeki.

Zile 20,000 mAh zinahesabiwa kwenye seli za ndani, ambazo ni volti 3.7. Betri ya kamera yako ni volti 7.4, maana ndani yake kuna seli mbili zimefuatana. Huwezi kugawanya mAh za volti 3.7 kwa mAh za volti 7.4. Ni sawa na kugawanya debe kwa kilo. Geuza zote ziwe wati-saa, yaani mAh gawanya kwa 1,000, kisha zidisha kwa volti:

Pawabenki: 20 × 3.7 = 74.
Betri ya kamera: 0.86 × 7.4 = karibu 6.4.

74 gawanya kwa 6.4 ni kama 11 na nusu, siyo 23. Halafu umeme unapandishwa mara mbili: kwanza toka 3.7 kwenda 5 ndani ya pawabenki, pili toka 5 kwenda karibu 8 kwenye ule waya wa betri bandia. Kila hatua inakula chake na kukigeuza joto. Ukitoa asilimia 20 mwanzo na 15 baadaye, unabaki na kama wati-saa 50. Hiyo ni betri 8 hivi.

Canon wenyewe wanaihesabia 1300D picha 500 kwa betri moja ukitazama kwa kitundu, siyo kwa skrini. Mara 8 ni picha 4,000. Wewe umepiga 1,131. Kwa hiyo hata baada ya kusahihisha hesabu, haikuisha. Na taa tatu zinasema hivyo hivyo.

#4 Dada Lenzi

Mimi ni wa video za harusi hapa Nyegezi, nimekula hasara ya hili jambo kabla yako. Pawabenki nyingi zimetengenezwa kwa simu. Simu ikijaa, inavuta umeme kidogo sana, pawabenki inasema "mteja ameondoka" na kujizima. Ndiyo maana ukiichomekea saa au vispika vya masikioni inazima baada ya muda. Kamera yako ikitulia kati ya picha na picha, inavuta kidogo, nayo inadhani umeshachomoa. Ukibonyeza kitufe inaamka. Dalili zako ni hizo hizo.

Dawa: tafuta pawabenki yenye hali ya umeme mdogo. Baadhi unabonyeza kitufe mara mbili au unakishikilia, taa inabadilika rangi. Soma karatasi yake.

#5 Mawe ya Igombe

Wabeja sana #3, sikujua habari ya wati-saa. Dada Lenzi, karatasi yake nimeitafuta, ina Kichina na michoro miwili tu. Nimejaribu kubonyeza mara mbili, inawaka tochi.

#6 Hesabu Kwanza

Dada Lenzi, nakuheshimu, lakini hapo kuna swali. Anapiga kila sekunde 15, na 8 kati ya hizo kamera iko wazi inafanya kazi. Zinabaki sekunde 7 za kutulia. Pawabenki hazijizimi kwa sekunde 7, nyingi zinasubiri nusu dakika au zaidi. Na kama ingekuwa hivyo ingezima mapema, picha ya tatu au ya nne. Kwa nini isubiri picha elfu moja?

#7 Dada Lenzi

Sijui kwa nini isubiri, kaka. Najua yangu ilikuwa inazima, na nilipobadilisha pawabenki haikuzima tena. Bibi harusi hakuuliza sekunde, aliuliza kiapo kiko wapi.

#8 Fundi Mita

Nipo Makoroboi, natengeneza redio na sasa hivi mpaka kamera. Mnaangalia umeme mdogo, mimi naangalia umeme mkubwa.

Kamera ya kioo haivuti umeme kwa utulivu. Kioo cha ndani kinapoinuka na shata, lile pazia la kupitisha mwanga, kufunguka, inavuta kwa kishindo, muda mfupi sana. Tuseme ikivuta ampia 2 kwenye volti 8, hiyo ni wati 16. Tundu la pawabenki la volti 5 ampia 2 linatoa wati 10. Kishindo kikizidi, ulinzi wa ndani unakata. Kitufe kinaurudisha. Kwenye saketi nzuri kuna kapasita ya kubeba kile kishindo, kwenye nyaya za bei rahisi wanaiweka ndogo au hawaiweki.

Kwa nini baada ya picha elfu? Kwa sababu seli zikiwa zimejaa volti yake iko juu, zinabeba. Zikishuka kidogo, kwa wati zile zile inabidi zitoe ampia nyingi zaidi. Siku inafika hazibebi. Hapo taa tatu bado zinawaka, maana taa zinapima volti zikiwa zimetulia, hazipimi nguvu.

Waya wako una urefu gani? Mwembamba au mnene?

#9 Mawe ya Igombe

Mita moja, mwembamba kama wa chaja ya kitochi. Niliuongezea kiunganishi cha mita moja ili pawabenki ikae kwenye begi chini.

#10 Fundi Mita

Hapo hapo. Waya mwembamba wa mita mbili unakula volti njiani. Ondoa kiunganishi.

#11 Kirumba Mpya

Kwani si uchomeke tu waya wa USB ubavuni mwa kamera kama simu? Mimi nina Sony a6000, nachaji na waya wa simu ya zamani, sijawahi kununua kiganda chochote.

#12 Dada Lenzi

Kirumba Mpya, kamera hazifanani. 1300D tundu lake la USB ni la kuhamisha picha tu, halichaji. a6000 inachaji, ila ikiwa imezimwa. Ukiiwasha, kuchaji kunasimama, unakula betri yako mwenyewe. Kwa usiku kucha haikusaidii. Sony za baadaye, kama A7 III ninayotumia, zina sehemu ya kuruhusu umeme wa USB uendeshe kamera ikiwa imewashwa. Hiyo ndiyo inanifikisha mpaka mwisho wa sherehe.

#13 Lenzi ya Bukoba

Naongezea. Canon za R, kama R6, hazikubali pawabenki ya kawaida. Zinataka ile yenye mfumo wa PD, ambayo inazungumza na kamera na kupandisha mpaka volti 9. Nilihangaika wiki nzima nikidhani tundu limekufa. Pia betri iwe LP-E6N au LP-E6NH. Ile LP-E6 ya zamani isiyo na herufi ya mwisho haichajiki ndani ya kamera hata ufanyeje.

Nikon za Z hazipokei umeme zikiwa zimewashwa, zinachaji tu zikiwa zimezimwa.

#14 Hesabu Kwanza

Siyo zote. Z6 na Z7 za mwanzo ndizo hivyo. Z6 II na Z7 II zinaendeshwa na USB huku zinapiga.

#15 Lenzi ya Bukoba

Sawa, nimesahihishwa. Nilikuwa nazungumzia Z6 ya kaka yangu.

#16 Mvuvi wa Kayenze

Habari za humu. Mimi siyo mpiga picha, nimeletwa na neno dagaa. Hizo taa unazopiga labda na yangu imo.

Nataka kuuliza kitu. Ile picha ya mwisho kila usiku ilikuwa saa ngapi kwa saa ya ukutani?

#17 Mawe ya Igombe

Karibu sana kaka. Ngoja nihesabu. Picha 240 kwa saa. Usiku wa kwanza picha 1,131, ni saa nne na dakika 43 tangu saa 2:00, kwa hiyo saa 6:43. Usiku wa pili picha 1,020, ni saa nne na robo tangu saa 2:30, kwa hiyo… saa 6:45.

Sikuwa nimeliona hili. Nilianza kwa kuachana nusu saa, imezima karibu dakika ile ile!

#18 Mvuvi wa Kayenze

Basi angalia upepo. Jioni upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu. Usiku unageuka, unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Kwetu ukigeuka tunausikia mgongoni, na majira haya mara nyingi ni saa sita kuelekea saa saba. Unakuja kwa mkupuo. Wewe uko juu ya jiwe, waya wa mita mbili unaning'inia mpaka kwenye begi. Ule waya unapepea.

Sisi taa zetu za betri zikizima ziwani, jambo la kwanza hatuangalii betri. Tunashika waya na kuutikisa.

#19 Nyakato Sokoni

Kaka wa Kayenze umeongea. Lakini feki bado ipo palepale.

#20 Hesabu Kwanza

Hii ya #18 imenikalisha kitako. Kiunganishi kikilegea kwa sekunde moja, kamera inazima, pawabenki inaona hakuna anayevuta na kulala. Kisha plagi inarudi mahali pake yenyewe na kila kitu kinaonekana kizima. Kitufe kinaamsha. Dalili zote zimeingia, pamoja na saa.

Ila usiku miwili ni michache. Dakika mbili za kufanana zinaweza kuwa bahati.

#21 Mama wa Saanane

Kuna umande pia jamani. Saa hizo ndipo lenzi yangu inapoanza kulowa nikiwa karibu na maji. Ukiona lenzi ina ukungu, ujue na plagi ina ukungu. Mleta uzi, zile picha za mwisho zina ukungu?

#22 Mawe ya Igombe

Shikamoo mama. Nimezifungua sasa hivi. Kuanzia picha ya 900 hivi taa zina duara la ukungu kuzizunguka, usiku wote miwili. Sasa umande, upepo, kishindo cha shata, kipi ni kipi?

#23 Mama wa Saanane

Marahaba mwanangu. Funga kitambaa cha soksi kwenye lenzi, na plagi uitie kwenye mfuko wa nailoni ukaze kwa mpira. Kipi ni kipi utajua baadaye, kwanza okoa kamera.

#24 Mzee wa Zenit

Nasoma tu vijana. Nilipiga picha mji huu kwa Zenit-E miaka mingi. Shata yake ni ya springi, kipimo cha mwanga ni cha seleniamu kinachojiendesha kwa mwanga wenyewe. Haikuwa na sehemu ya betri kabisa. Ungeiacha wazi kwenye mawe ya Igombe mpaka asubuhi isingekuomba kitu.

#25 Fundi Mita

Shikamoo mzee wangu. Lakini Zenit ingempa picha 36 kwa filamu, yeye anataka elfu mbili kwa usiku mmoja.

#26 Mzee wa Zenit

Marahaba. Hizo 36 tulizichagua moja moja, ndiyo maana nyingine mpaka leo zipo ukutani kwa watu. Endeleeni, nawafuatilia.

#27 Msafiri wa Nansio

Samahani kwa kutoka nje ya mada. Nasafiri kwa ndege kwenda Dar wiki ijayo, nina pawabenki ya 30,000 mAh kwa ajili ya kamera. Nimeambiwa nitanyang'anywa. Kweli?

#28 Hesabu Kwanza

30 × 3.7 ni wati-saa 111. Sheria ya ndege ni mpaka 100 bila kuomba. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Zidi hapo hairuhusiwi kabisa kwa abiria. Na popote ilipo, pawabenki inakaa kwenye begi la mkononi, kamwe siyo kwenye mzigo wa chini. Ikiwaka juu kwa abiria itaonekana na kuzimwa, chini kwenye mizigo nani ataiona? Betri za akiba za kamera nazo vile vile, na ncha zake zifunikwe.

Ya 20,000, wati-saa 74, inapita. Angalia iwe imeandikwa wati-saa kwenye ganda, maana mkaguzi anasoma ganda, hasomi hesabu yako.

#29 Msafiri wa Nansio

Asante. Nitaiacha nyumbani, nachukua betri tatu za kawaida.

#30 Nyakato Sokoni

Turudi kwenye mada. Mleta uzi, ipime uzito. Najua mnaniona king'ang'anizi, lakini hili nina uhakika nalo. Seli moja ya duara ya 18650 ina uzito wa gramu 45 mpaka 48, na zile nzuri kabisa zinaishia kama 3,500 mAh. Ukiona imeandikwa 9,900, huo ni uongo. Kupata 20,000 unahitaji seli sita hivi, yaani gramu 270 na zaidi kwa seli peke yake. Hata za bapa haziachani sana na hapo. Nenda hata Mwaloni, omba mizani ya dagaa.

#31 Mawe ya Igombe

Nimepima dukani kwa jirani. Gramu 310 na ganda lake.

#32 Nyakato Sokoni

Hmm. Basi labda siyo feki ya kupindukia. Lakini wengine wanajaza mchanga! Nimefungua moja kwa mkono wangu, seli mbili na kipande cha zege.

#33 Fundi Mita

Hilo lipo, nimeliona pia. Kumfungulia mtu pawabenki yake bila sababu lakini siwezi kushauri. Ukitoboa seli ya lithiamu kwa bisibisi utaona moshi kabla hujaona mchanga. Kuna mita ndogo ya USB, unaichomeka katikati, inahesabu wati-saa zilizopita. Hiyo inaijibu bila kufungua.

Kwa anayetaka kuachana na pawabenki kabisa, nina njia nyingine. Chukua betri ya kuziba ya volti 12, ampia-saa 7, zile za UPS. Ni wati-saa 84. Usiikamue zaidi ya nusu, zile za risasi hufa haraka zikikaushwa, kwa hiyo hesabu 42. Weka kishusha volti cha LM2596 katikati, kinabeba mpaka ampia 3. Kisokote kwa bisibisi ndogo, mita mkononi, mpaka kisome volti 7.6 hivi KABLA hujachomeka kamera. Betri ya seli mbili ikijaa ni 8.4, kwa hiyo usizidi hapo hata kwa bahati mbaya. Hakikisha chanya na hasi. Ukigeuza, kamera imekwenda na mimi nitakuwa wa kwanza kuletewa. Na fyuzi, tafadhali, kwenye waya wa chanya karibu na betri. Betri hii haijizimi, maana haina akili ya kujizima.

#34 Mvuvi wa Kayenze

Hii ndiyo tunayotumia sisi kwa taa. Zamani karabai, unapampu, unanunua mafuta ya taa kila siku. Sasa hivi betri na taa ndogo za LED, mchana unachaji kwa sola. Ila betri ya risasi ina kilo mbili na ushee. Kwenye mtumbwi sawa, juu ya mawe utaibeba mwenyewe.

#35 Dada Lenzi

42 za betri ya kilo mbili dhidi ya 50 za pawabenki ya gramu 310. Fundi, nakupenda, lakini mgongo wangu hapana.

#36 Fundi Mita

Mgongo utapona, kiapo cha harusi hakirudiwi. Umesema mwenyewe.

#37 Dada Lenzi

😂 Umenipata.

#38 Mawe ya Igombe

Wadau, nimerudi. Jana usiku nimejaribu tena. Nimeondoa kiunganishi, nimenunua waya mnene na mfupi, pawabenki nimeifunga kwa mpira kwenye mguu wa stendi, plagi nimeivalisha mfuko wa nailoni kama alivyosema mama, na waya nimeubana na gundi ya karatasi kila mahali. Nimeanza saa 2:00.

Saa sita na nusu nikaamka makusudi nikakaa macho. Upepo ukageuka kweli, saa 6:35 hivi, kaka wa Kayenze hukukosea. Shuka lilinipeperuka. Kamera ikaendelea! Nilipiga kelele peke yangu kwenye mawe.

Ikazima saa 9:10. Picha 1,720. Safari hii pawabenki ina taa moja, inapepesa, na kitufe hakisaidii kitu, inawaka sekunde chache na kuzima tena.

#39 Kirumba Mpya

Hongera sana. Upepo basi, uzi umefungwa.

#40 Hesabu Kwanza

Haujafungwa. Umebadilisha vitu vinne kwa mpigo: urefu wa waya, unene wa waya, upepo na umande. Fundi atasema ni unene, mama atasema ni nailoni, kaka wa Kayenze atasema ni upepo, na wote wana haki. Ungebadilisha kimoja kimoja tungejua.

Na sasa kuna swali jipya. 1,720 siyo 4,000. Hii mara ya tatu imeisha kweli.

#41 Nyakato Sokoni

Nilisema tangu #2.

#42 Fundi Mita

Taratibu. Zile picha 500 za Canon hazipimwi kwa kuacha shata wazi sekunde 8. Picha 1,720 mara sekunde 8 ni sekunde 13,760, karibu saa tatu na dakika 50 kihisi kinakula umeme mfululizo. Hapo hujaweka kamera yenyewe kukaa macho saa saba bila kulala, na kila picha kuandikwa kwenye kadi. Halafu mkuu, skrini ilikuwa inaonyesha kila picha baada ya kupiga?

#43 Mawe ya Igombe

Ndiyo, sekunde 2 kila picha. Na ilikuwa inavuta wale vijidudu vya ziwani, wamejaa kwenye kioo mpaka nikawapangusa kwa kiganja.

#44 Fundi Mita

Izime. Nenda kwenye menyu, sehemu ya kuonyesha picha, weka hapana. Angalia pia ile ya kupunguza chenga kwa picha za shata kukaa wazi muda mrefu iwe imezimwa, maana ikiwaka kamera inafunga shata na kupiga picha nyingine ya giza kwa muda ule ule. Sekunde 8 zinakuwa 16.

#45 Hesabu Kwanza

Ingekuwa inawaka asingeweza kupiga kila sekunde 15. Ingeruka picha.

#46 Fundi Mita

Kweli. Hilo nimeliondoa. La skrini linabaki.

#47 Mama wa Saanane

Na baridi? Mawe yanapoa, pawabenki imefungwa kwenye chuma cha stendi. Betri ikipoa inatoa kidogo.

#48 Hesabu Kwanza

Mama, baridi ya Mwanza usiku ni kama nyuzi 18. Lithiamu inaanza kulalamika karibu na sifuri. Kwetu adui ni joto. Mleta uzi, mchana hiyo pawabenki unaiweka wapi?

#49 Mawe ya Igombe

Inachaji kwa sola juu ya bati, karibu na paneli.

#50 Lenzi ya Bukoba

Juu ya bati, jua la saa saba! Hapo umeipika. Betri ya lithiamu ikichajiwa kwenye joto kali inapoteza uwezo wake kidogo kidogo na haurudi tena. Paneli iache juani, pawabenki iingie kivulini kwa waya mrefu. Huenda ilikuwa 20,000 ya kweli ulipoinunua.

#51 Nyakato Sokoni

Au haikuwa. Mita ya USB inunuliwe tujue moja.

#52 Mawe ya Igombe

Mita nitaifuata Makoroboi kesho, Fundi niwekee. Nitaipima ndani ya nyumba kwanza, kamera ile ile, sekunde 8 zile zile, bila upepo wala umande.

Taimlapsi ya jana nimeiunganisha. Picha 1,720 kwa 25 kila sekunde, inatoka sekunde 68. Kuna mahali kama sekunde ya 44 taa zote zinasogea upande mmoja kwa pamoja, kama mtu kavuta kitambaa cha meza. Niliirudia mara kumi. Ndiyo upepo ulipogeuka. Lakini alfajiri haimo, mitumbwi ikirudi haimo, na hiyo ndiyo niliyoitaka.

#53 Mvuvi wa Kayenze

Mimi na wenzangu tukiona upepo umegeuka tunafuata dagaa wanakokwenda, ndiyo maana tunasogea pamoja. Sijawahi kuliona hilo kwa juu.

Mbalamwezi inaingia wiki hii, hatutoki, utapiga ziwa tupu. Giza likirudi tunaanza kutega saa mbili na tunarudi mwaloni kuanzia saa kumi na moja. Pima pawabenki yako ifike saa kumi na mbili.

#54 Kirumba Mpya

Fundi, hiyo mita ya USB inafanya kazi na a6000 pia? Yangu siku hizi inachukua saa tano kujaa, zamani ilikuwa tatu.

#55 Fundi Mita

Inafanya. Waya wako una urefu gani?